Uji Haukuwa na Hatia

Siku ya 6 ndipo mambo yalipoharibika.

Shosho alikuwa amelazwa kwa sababu ya nimonia, na kufikia siku ya 5 alikuwa ameanza kuwa yeye tena. Alikuwa anauliza nani anawakatia mbuzi wake majani. Alikuwa analalamika kwamba blanketi za hospitali ni nyepesi kama leso. Alikuwa ananiita "mzee wangu" kwa sauti, mbele ya wodi nzima, kwa sababu nimebeba jina la marehemu mume wake, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wanacheka. Kikohozi kilikuwa kimelegea. Daktari alikuwa ametamka yale maneno matamu kuliko yote hospitalini: labda Ijumaa ataenda nyumbani.

Halafu akaanza kuendesha. Mara 10, mara 15 kwa siku, maji matupu, na harufu ambayo sitaieleza kwa sababu najua kuna mtu anasoma hii akila. Joto la mwili likapanda tena. Tumbo likavimba, likakaza kama ngoma. Mwanamke aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto sasa alikuwa anageuza uso ukutani kila ninapoingia, aibu ikimla kuliko ugonjwa.

Swali la kwanza kuulizwa wodini lilikuwa: nani anamletea chakula?

Mimi. Kila jioni nilikuwa napanda matatu nikiwa nimepakata themosi ya uji wa wimbi, kwa sababu Shosho alisema chakula cha hospitali hakina chumvi wala huruma. Sista akaiangalia ile themosi. Shangazi akaiangalia ile themosi. Hakuna aliyesema neno, lakini kesi iliamuliwa hapo hapo. Usiku huo nililala nikijihoji. Maji yalichemka kweli? Themosi niliiosha na sabuni ama niliisuuza tu nikiwa na haraka?

Siku mbili baadaye, daktari kijana, ambaye hakunizidi umri sana, alikuja na swali tofauti. Hakuuliza Shosho amekula nini. Aliuliza amekunywa dawa gani, na tangu lini. Tukahesabu kwa vidole. Kabla ya kulazwa, tembe za aina mbili kutoka kemisti, kila aina ikiachwa katikati ilipoonekana haifanyi kazi. Baada ya kulazwa, antibayotiki mbili za nguvu kupitia dripu. Daktari akasimamisha alichoweza kusimamisha, akatuandikia karatasi ili choo kipelekwe kupimwa maabara ya nje. Majibu yaliporudi, akabadilisha dawa. Shosho alipona, lakini polepole, na ilichukua wiki 3 zaidi kitandani.

Hizo wiki 3 zina bei. Mimi nilikuwa mwaka wa 3 chuoni, nikisoma historia. Tulikaa chini kama familia, tukapiga hesabu ya bili, na hakuna aliyelazimika kunitazama. Nikasema mwenyewe kwamba nitarudi chuo mwaka ujao. Huo mwaka ujao umeshapita mara mbili. Kwa hivyo, kwenye hadithi ya familia yetu, mimi nilijitoa chuo kwa mikono yangu mwenyewe, na themosi ya uji.

Nilibaki na ile karatasi ya maabara. Ilikuwa na maneno mawili ambayo sikuweza kuyatamka: Clostridioides difficile. Biolojia yangu iliishia Form Four. Lakini kwenye historia walitufunza kwamba ukipewa jina, uliza nani alilitoa, lini, na kwa nini. Nikauliza.

*

Mwaka wa 1893, katika hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, daktari mpasuaji John Finney alimfanyia upasuaji wa tumbo mwanamke wa miaka 22. Siku kadhaa baada ya upasuaji, mwanamke huyo akaanza kuhara vibaya. Akafariki. Mwili ulipofunguliwa, ndani ya utumbo kulikuwa na utando uliofanana na ule unaoota kooni mwa mtu mwenye dondakoo.

Leo madaktari wanaujua utando huo vizuri. Si ngozi. Ni mchanganyiko wa seli zilizokufa, protini na usaha, unaoganda juu ya utumbo mpana uliovimba kama ukoko wa uji kwenye sufuria. Ndiyo maana unaitwa utando wa uongo. Masimulizi ya Finney huhesabiwa kuwa ya kwanza kuandikwa kuhusu ugonjwa huu. Tazama tarehe, lakini. Mwaka wa 1893 penisilini ilikuwa bado haijulikani. Ugonjwa ulikuwepo kabla ya dawa ambazo baadaye zingeufanya uwe wa kawaida. Finney aliona kidonda, akakieleza kwa uaminifu, na hakuwa na njia yoyote ya kumjua aliyekichora.

Miaka 42 ikapita. Mwaka wa 1935, mjini Denver, watafiti wawili, Ivan Hall na Elizabeth O'Toole, walikuwa wakichunguza vinyesi vya watoto waliozaliwa juzi. Swali lao lilikuwa la kawaida na zuri: ni bakteria gani wanaohamia kwenye utumbo wa binadamu mpya, na kwa mpangilio gani? Miongoni mwao walimkuta mmoja ambaye hakuwa ameandikwa popote. Alikuwa hapendi oksijeni, anakua kwa kusuasua, na kumtenga na wenzake ilikuwa taabu tupu. Wakampa jina kulingana na tabia yake: Bacillus difficilis. Difficilis ni Kilatini, maana yake mgumu. Yaani jina zima ni malalamiko ya watu waliochoka maabara.

Hall na O'Toole waligundua jambo lingine. Bakteria huyu alitengeneza sumu, na wanyama wa maabara waliodungwa sumu hiyo walikufa. Lakini watoto waliombeba walikuwa wazima kabisa, wananyonya, wanalia, wananenepa. Basi ufanye nini na muuaji anayelala kwenye nepi ya mtoto mwenye afya? Waliandika walichokiona, na dunia ikaendelea na shughuli zake. Kwa miaka 43 iliyofuata, bakteria huyu alikuwa na jina lakini hakuwa na kesi.

*

Kisha zikaja dawa.

Tarehe 25 Mei 1940, kule Oxford, kundi la Howard Florey liliwadunga panya 8 bakteria wa kuua. Wanne wakapewa penisilini. Kufikia asubuhi, wanne waliopewa walikuwa hai na wanne wengine wamekufa. Ni mojawapo ya usiku muhimu zaidi katika historia ya tiba. Shosho wangu aliponea nimonia kwa sababu ya uzao wa usiku ule, na sitaki msomaji yeyote amalize makala hii akidhani nazitukana antibayotiki.

Ila mwaka wa 1943, watafiti huko Marekani waliwapa simbilisi penisilini. Simbilisi ni wale wanyama wadogo wa kufugwa, kama panya mnene asiye na mkia. Walikufa. Dawa iliyookoa panya iliua simbilisi, na walipopasuliwa, matumbo yao yalikuwa yameharibika. Lau Florey angeanza na simbilisi, pengine penisilini ingetupwa kwenye pipa kama sumu. Bahati ya binadamu, kumbe, ilitegemea aina ya mnyama aliyekuwa kwenye kizimba.

Mbona dawa iwe tiba kwa huyu na kifo kwa yule? Jibu lilikuwa tayari kwenye maandishi ya Denver, lakini hakuna aliyekuwa akisoma kurasa hizo mbili pamoja.

Baada ya vita, antibayotiki zikamiminika: kloramfenikoli, tetrasaiklini, na nyingine nyingi. Hospitalini, hasa baada ya upasuaji, baadhi ya wagonjwa wakaanza kuhara, kuvimba tumbo na kufa. Utando wa Finney ulikuwa umerudi, na mara hii haukuja mara moja moja. Madaktari wakapeleka choo maabara, wakaangalia chini ya hadubini, na mara nyingi wakamkuta Staphylococcus aureus, bakteria anayejulikana kwa ubaya wake na anayekua kwa urahisi. Wakasema, ndiye. Alikuwa pale, na kuwa pale kulitosha.

Nikisoma hapo niliicheka themosi yangu.

Kilichofanya kosa hilo lidumu ni kwamba tiba ilifanya kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na dawa mpya, vancomycin, iliyotokana na kiumbe cha udongoni kutoka Borneo. Ukimpa mgonjwa aimeze, mara nyingi anapona. Vancomycin inaua Staphylococcus, kwa hivyo madaktari wakaona ushahidi umekamilika. Hawakujua kwamba inamuua pia yule wa Denver, ambaye hawakuwa wamemtafuta. Dawa sahihi ilikuwa inamthibitishia hatia asiye na hatia. Sijawahi kuona mtego wa kimantiki mbaya kuliko huo: ukipona, kila mtu anaamini maelezo aliyokuwa nayo kabla hujapona.

Mwaka wa 1958 daktari mpasuaji Ben Eiseman alijaribu njia nyingine. Alikuwa Denver, mji ule ule. Wagonjwa wake 4 walikuwa na ugonjwa huu. Eiseman alifikiri hivi: ikiwa dawa zimefagia bakteria wote wa utumboni, basi tuwarudishe. Akachukua kinyesi cha watu wazima wenye afya, akakichanganya na maji ya chumvi, akakiingiza kwa wagonjwa kupitia njia ya haja kubwa. Wote 4 walipona. Aliandika ripoti fupi, watu wakasoma, nadhani wengine wakakunja pua, na wazo likawekwa kando kwa miongo kadhaa.

*

Kesi ilifunguliwa upya kwa sababu ya dawa moja, clindamycin. Mwaka wa 1974, mjini St. Louis, Francis Tedesco na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 200 waliokuwa wakiitumia. Hawakungoja malalamiko. Kila aliyehara, walimwingizia kifaa chenye taa wakatazama ndani ya utumbo wake. Asilimia 21 walihara. Asilimia 10 walikuwa na utando. Mtu 1 kati ya 10! Na walipomtafuta Staphylococcus, mshtakiwa wa miaka yote hiyo, hawakumpata. Wengine wakaanza kuuita uvimbe wa utumbo wa clindamycin, kana kwamba dawa yenyewe inachoma utumbo kama asidi.

Aliyetegua kitendawili hicho alikuwa John Bartlett, huko Boston, na wanyama wake walikuwa hamsta. Ukimpa hamsta clindamycin, anakufa na utumbo umevimba. Bartlett na wenzake walichukua yaliyomo ndani ya utumbo wa hamsta aliyekufa wakawapa hamsta wazima, nao wakafa. Wakachuja ule uchafu hadi hakuna bakteria aliyebaki, na maji yaliyochujwa bado yaliharibu seli maabara. Kwa hivyo muuaji alikuwa sumu, na sumu ina mwenyewe. Wakajaribu dawa za kupinga sumu za bakteria wa jamii ya Clostridium. Moja ikafaulu, ile iliyotengenezwa dhidi ya bakteria aitwaye Clostridium sordellii.

Hapo tena kidole kikaelekezwa kwa asiyehusika. Walimtafuta sordellii kwa wagonjwa na hawakumwona. Waliyemwona kila mara ni jirani wa ukoo wake, ambaye sumu yake inafanana kiasi cha kuzuiwa na dawa ile ile. Alikuwa ni yule mgumu wa Denver, wakati huo akiitwa Clostridium difficile. Mwaka wa 1978 matokeo yalichapishwa, na watafiti wa Uingereza nao wakafika mlango huo huo kwa njia yao.

Kutoka meza ya Finney mpaka hapo ni miaka 85.

*

Sasa, alifanyaje?

Utumbo wako mpana ni mtaa uliojaa. Mabilioni kwa mabilioni ya bakteria wamejenga huko, kila ploti ina mwenyewe, chakula kinagombaniwa. Difficile anaweza kupita au hata kukaa kwenye kona, na hana nafasi ya kufanya lolote. Watoto wachanga wengi wanambeba bila shida, na baadhi ya watu wazima pia. Halafu unameza antibayotiki kwa ajili ya kifua. Dawa haina macho. Inafagia adui wa mapafuni, na ikipitia utumboni inafagia majirani wema. Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Difficile anaponea lile fagio kwa sababu ana uwezo wa kujifunga ndani ya mbegu ngumu, spora, na kulala. Akiamka, mtaa ni mtupu. Anazaana, anamwaga sumu mbili, ukuta wa utumbo unavimba na kutoa maji, na utando unaota.

Ndiyo maana wazee walio hospitalini ndio wanaoumia zaidi. Wamepewa dawa nyingi, miili yao ina uchovu, na wanalala mahali ambapo spora zinatembea kutoka kitanda hadi kitanda kwa mikono ya wanaowasaidia. Si kila anayehara baada ya antibayotiki ana huyu bakteria, wengi hawana. Lakini akiwa ndiye, kuchelewa kumjua kunaweza kumaliza mtu.

Hizo spora zina jambo moja linalonifanya nicheke kwa uchungu. Haziuawi na spiriti. Ile sanitaiza tuliyoipaka mpaka ngozi ikapasuka wakati wa korona, ile iliyoning'inia mlangoni pa wodi ya Shosho, kwake ni kama manukato. Kinachosaidia ni maji yanayotiririka na sabuni, yasugue mikono na kuzisomba, na klorini kwenye sakafu na vitanda. Bomba la wodi ile lilikuwa na maji asubuhi tu.

Usidhani hii ni hadithi ya umaskini peke yake. Kuanzia mwaka wa 2003, hospitali za Quebec, Kanada, zilivamiwa na aina kali zaidi ya bakteria huyu, aina ambayo haikubabaishwa na antibayotiki za familia ya sipro. Huko Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville ilipata milipuko miwili kati ya 2003 na 2005, na watu wasiopungua 33 wakafa. Katika hospitali za Maidstone na Tunbridge Wells, uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2007 ulikadiria kwamba takriban watu 90 waliuawa na bakteria huyu, kwa hakika au kwa uwezekano mkubwa, kati ya 2004 na 2006. Wachunguzi waliandika kuhusu vitanda vilivyosongamana, wauguzi wachache, na wakubwa walioshughulika na hesabu za fedha na malengo. Waliandika pia kuhusu wagonjwa walioharisha na kuambiwa wajisaidie pale pale kitandani, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuwapeleka chooni.

Niliposoma hiyo sentensi niliacha kusoma kwa siku mbili. Niliona uso wa Shosho umegeukia ukuta. Ugonjwa huu unaanzia kwenye aibu na unanufaika na aibu. Mgonjwa hasemi kwa sababu anaona haya, jamaa wananyamaza kwa heshima, na sista aliyechoka anabadilisha shuka bila kuandika popote kwamba ni mara ya 12 leo.

Aibu hiyo hiyo ndiyo iliyomchelewesha Eiseman. Wazo lake halikuwa geni hata wakati wake: kule China, katika karne ya 4, tabibu Ge Hong aliandika kuhusu kuwanywesha wagonjwa wa tumbo maji yenye kinyesi cha binadamu. Mwaka wa 2013, madaktari wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kulijaribu wazo hilo kisayansi, bila kukunja pua. Walichukua wagonjwa ambao difficile alikuwa akiwarudia. Kati ya 16 waliopewa kinyesi cha mtu mwenye afya kwa mpira uliopitia puani hadi utumboni, 13 walipona kwa mara ya kwanza tu. Kati ya 13 waliopewa vancomycin peke yake, walipona 4. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Mwaka wa 2022 na 2023, Marekani iliidhinisha dawa za kwanza zilizotengenezwa kutokana na kinyesi cha binadamu, moja ikiwa ya kumeza kwa kapsuli. Alichofanya Eiseman 1958 kimefungashwa vizuri na kupewa bei.

*

Nimerudi mara nyingi kwenye ile kemisti ya mtaani ambako yote yalianza kwetu. Niliwahi kusimama pale karibu saa nzima nikijifanya nangoja mtu. Mmoja akaja akasema, nipe kitu ya kifua. Akapewa kapsuli 6 kwenye bahasha ndogo ya khaki. Mwingine akaomba Flagyl kwa sababu amekula kitu jana na tumbo inanguruma. Hakuna aliyeulizwa karatasi. Sikuwahukumu, maana mimi pia nimenunua hivyo, na ni mimi niliyetumwa kumnunulia Shosho zile za kwanza. Kumwona daktari kuna foleni, na foleni ina bei.

Flagyl yenyewe, kumbe, ndiyo dawa iliyomponya Shosho. Metronidazole. Nchi zenye uwezo sasa hutanguliza vancomycin au nyingine mpya zaidi, na metronidazole hubaki kwa mahali ambapo hizo hazipatikani. Sisi tulikuwa mahali hapo. Dawa tunayoimeza kama njugu kila tumbo likilia ndiyo iliyokuwa imebaki kusimama kati yake na kaburi. Nimeacha kuimeza kama njugu.

Sisemi mtu aache dawa alizoandikiwa. Hilo ni kosa lingine la kuua. Ninachosema ni kwamba ukiwa na mgonjwa wako kwenye antibayotiki na akaanza kuhara sana, usinyamaze kwa heshima. Hesabu ni mara ngapi. Taja dawa zote, hata zile za kemisti unazoonea haya. Uliza kama hii inaweza kuwa ni dawa. Daktari yule kijana hakuwa na mashine kubwa. Alikuwa na swali ambalo dunia ilichukua miaka 85 kujifunza kuliuliza, na yeye aliliuliza kwa dakika moja, amesimama, kalamu ikiwa imekwisha wino.

Mwezi uliopita nilienda kwa Shosho nikamweleza haya yote. Mbuzi wako wazima. Nilimsimulia mwanamke wa Baltimore, watoto wa Denver, simbilisi, hamsta. Alisikiliza akichambua mboga. Nilipofika kwa Eiseman na enema zake, alicheka mpaka akafuta machozi na kitambaa cha kichwa. Halafu akanyamaza.

"Huyo msichana wa kwanza," akasema, "yule wa miaka 22. Aliitwa nani?"

Nikamwambia kwamba nilichosoma hakikutaja jina lake.

"Na huyo daktari anaitwa nani?"

"Finney."

Akatikisa kichwa, akaendelea na mboga. Baadaye aliniambia nisiondoke bila kunywa uji, na akaupika mwenyewe.

Usiku nikiwa kwa matatu nilirekodi sauti ya dakika 4 nikaitupa kwa WhatsApp ya familia. Nikaeleza kila kitu, taratibu, na miaka yake: 1893, 1935, 1958, 1978. Nikasema wazi kwamba haukuwa uji. Mabinamu wakaweka vidole gumba. Mamangu akaandika amina, sijui kwa nini. Shangazi alisikiliza, zile alama zikageuka rangi ya samawati, na akakaa kimya hadi saa tano usiku.

Kisha akajibu: "Sawa nimeskia. Lakini hiyo themosi uliosha?"

Nampa muda.